Insha Moja, Walimu Watatu

(Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi na sekondari msingi, Pwani ya Kenya)

Bi Mwenyekiti, walimu wakuu, walimu wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu. Najua wapo waliotoka Kinango alfajiri, na najua Jumamosi ya mwalimu ina kazi zake, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lililonileta: jinsi sisi walimu tunavyojifunza kupima kazi ya mtoto kwa viwango.

Naanza kwa kuwasomea. Mtoto wa Gredi ya 6 tulimwambia asimulie jioni moja nyumbani kwao. Akaandika hivi:

"Mama alikaa kwenye kibao cha mbuzi akakuna nazi. Stima zilikuwa zimepotea kwa hivyo mimi nikamshikia tochi. Nazi ilianguka kwa sinia pole pole. Mama akasema usiangaze uso wangu angaza nazi. Lakini mimi nilitaka kuona uso wake kwa sababu alikuwa hajaongea toka asubui."

Insha hii tuliisahihisha walimu watatu, kila mtu peke yake, kisha tukakutana. Wa kwanza alikuwa amezungushia mduara "kwa sinia", akazungushia "asubui", akaweka alama nyekundu pale ambapo maneno ya mama hayana vinukuu. Akaandika: Kukaribia matarajio, ngazi ya pili kutoka chini kati ya nne tunazotumia. Wa pili akaandika Kufikia matarajio. Wa tatu, mwalimu kijana ambaye hakuwa amemaliza hata muhula mmoja nasi, aliandika Kuzidisha matarajio. Tulipomuuliza kwa nini, akasema, "Ile sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili."

Mwalimu wa kwanza ni mimi.

Sote watatu tulikuwa na jedwali moja la vigezo, lililochapishwa kwenye karatasi ile ile. Sote tulikuwa tumehudhuria semina. Na mtoto yule, kwa insha ile ile, angeweza kwenda nyumbani na hukumu tatu tofauti kutegemea meza aliyoiangukia. Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja, na ndilo nitakalolisema leo kwa njia mbalimbali: mwalimu hafundishiki kupima kwa viwango akiwa peke yake, wala kwa kusomewa maelezo. Anajifunza akiwa ameketi na wenzake, kazi halisi ya mtoto ikiwa katikati yao, wakibishana mpaka wakubaliane.

Tukumbushane tulikotoka. Mfumo wa 8-4-4, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulianza mwaka wa 1985, na wengi wetu humu ni watoto wake. Tulizoea kumjua mtoto kwa jumla. Huyu ni mtoto wa alama 380 kati ya 500, huyu wa 240, na jumla hiyo ndiyo iliyomfungulia au kumfungia mlango. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliotoa jumla hiyo, ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala wa umilisi ulikuwa umeshaingia madarasani Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, nasi tukaambiwa tuache kuuliza mtoto amepata ngapi, tuulize anaweza nini. Zikaja ngazi nne: Mbali na matarajio, Kukaribia, Kufikia, Kuzidisha.

Maneno mazuri. Lakini mimi baada ya semina yangu nilirudi shuleni nikafanya hivi, na naomba msikilize kwa makini kwa sababu nadhani si mimi peke yangu. Nilichukua mtihani wangu wa zamani wa alama mia. Nikasahihisha kama zamani. Nikajumlisha kama zamani. Kisha wa themanini kwenda juu nikawaita Kuzidisha, wa hamsini na kitu nikawaita Kufikia, nikashuka hivyo hivyo hadi chini. Nilibandika jina jipya kwenye kitu kile kile. Mtu angeniuliza, "Huyu uliyemwandikia Kufikia, amefikia nini?" nisingekuwa na jibu.

Mtanikumbusha kwamba hata KJSEA, tathmini ya taifa ya Gredi ya 9 iliyofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025, inazigawa zile ngazi nne kuwa nane na kuzipa vipimo vya asilimia. Ni kweli. Mtihani wa taifa wenye watahiniwa zaidi ya milioni moja una shida zake na njia zake. Lakini mimi na wewe hatuna watoto milioni moja. Tunao hawa, tunawajua sauti zao.

Tazameni mfano wa hisabati. Mtoto anajifunza akisami. Jaribio la kwanza anapata 20, la pili 35. Mwalimu anamketisha, wanagawa chungwa, wanakunja karatasi, kitu kinafunguka kichwani. Jaribio la tatu 80, la nne 85. Ukijumlisha ugawanye kwa nne unapata 55. Na hiyo 55 inasema nini? Hakuna siku hata moja mtoto huyu alikuwa mtoto wa 55. Kulikuwa na siku ambazo hakuelewa, na sasa anaelewa. Mwalimu anayepima kwa viwango anaulizwa: leo anaweza kujumlisha akisami zenye asili tofauti au hawezi? Anaweza. Basi iandike hivyo, na yale ya mwezi wa kwanza yaache kwenye rekodi yako yakusaidie kufundisha, yasimfuate mtoto kama deni.

Hapa ndipo panapotuuma, kwa sababu alama kwetu zimekuwa pia fimbo. Amechelewesha kazi, tunakata tano. Daftari lina matope, tunakata mbili. Amenijibu vibaya, mungu wangu. Mwisho wa muhula ile namba imebeba hesabu, nidhamu, umaskini wa nyumbani na hasira yangu, vyote kwa pamoja, na hakuna anayeweza kuvitenganisha tena. Nidhamu ni muhimu, na kuchelewa ni tatizo la kushughulikiwa. Vipe mahali pake kwenye ripoti, viandike kwa maneno. Visiingie kwenye akisami.

Narudi kwenye insha ya nazi. Tulipoacha kutetea kila mtu alama yake, tulifungua mtaala tukasoma matokeo yaliyotarajiwa ya somo lile. Tuliyokusudia ni mtoto asimulie tukio kwa mtiririko na kwa lugha inayomfanya msomaji aone. Vinukuu havikuwa somo la wiki ile. Vilikuwa somo la muhula uliotangulia. Kwa hiyo tulikuwa na maswali mawili tuliyoyafunga kamba moja. Kwenye masimulizi, yule kijana alikuwa sahihi na mimi nilikosea: mtoto wa Gredi ya 6 anayejua kumficha mama kwenye giza halafu akakuambia kwa nini anataka kumwona, huyo amezidisha. Kwenye uakifishaji na tahajia, anakaribia. Tukaziandika hukumu mbili. Jumatatu nilimwita, nikamwambia hadithi yake imenigusa, kisha tukashughulikia vinukuu kwa dakika kumi, kwenye sentensi ile ile ya mama yake. Hajavisahau mpaka leo. Na nilimuuliza pia kuhusu mama, jambo ambalo nisingelifanya kama ningebaki na miduara yangu myekundu.

Sasa, ndugu zangu walimu wa Kiswahili, ninyi mliowahi kwenda kusahihisha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hili si geni kwenu. Kumbukeni karatasi ya insha. Hamkuhesabu makosa na kutoa kwenye ishirini. Mlikuwa na viwango: D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20, na kila kiwango kina maelezo yake, mtahiniwa wa C anaandika vipi, wa B anamzidi kwa nini. Kwanza mnaamua insha ni ya kiwango gani, ndipo mnatafuta alama ndani yake. Na kabla ya mtahini yeyote kuruhusiwa kugusa bahasha ya kweli, mnaketi na kiongozi wenu, mnasahihisha nakala zile zile, kila mtu anasema alichotoa na sababu yake. Aliyetoa 14 na aliyetoa 9 wanatazamana. Mnarudia mpaka pengo linafungika.

Kwa hiyo ujuzi huu tunao. Umekaa miaka mingi kwenye vituo vya kusahihishia mitihani, ukafungiwa huko, ukitumiwa siku chache kwa mwaka kwa ajili ya watu wasiojulikana. Ninachoomba ni uletwe kwenye majilisi zetu, utumike kila wiki kwa ajili ya watoto tunaowajua.

Na jambo hili ni la haraka, kwa sababu hukumu ya mwalimu sasa ina uzito ambao haikuwahi kuwa nao. Matokeo ya mtoto anapomaliza Gredi ya 9 yanakusanywa hivi: asilimia 20 kutoka KPSEA, tathmini ya taifa ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, asilimia 60 kutoka KJSEA. Zile 20 za katikati zinatoka mikononi mwetu. Ikiwa Kufikia ya shule moja ni Kukaribia ya shule ya ng'ambo ya mto, basi kuna mtoto anayeonewa, na anayemwonea hana nia mbaya. Hajawahi tu kuketi na mwenzake.

Semina nyingi hazitufikishi hapo. Ile yangu ilikuwa ya siku tatu. Ukumbi mkubwa, maandishi yakirushwa ukutani, mwezeshaji akiyasoma nasi tukiyanakili. Tulifundishwa kujaza fomu nyingi. Kwa siku tatu sikuona daftari la mtoto hata moja. Simlaumu mwezeshaji, naye alisomewa hivyo hivyo na aliyemtangulia. Ni kama maji ya kumiminwa kutoka ndoo hadi ndoo: yanapofika ya nne, yaliyobaki ni ya kulowanisha vidole tu.

Wakati huo huo tumeona kinachofaa, hapa hapa Kenya. Walimu wa hisabati na sayansi mnaikumbuka SMASSE, ile programu ya kuwanoa walimu kazini, iliyoanza 1998 kwa msaada wa Japani. Wengi tuliilalamikia kwa kutunyang'anya likizo, lakini mzunguko wake ulikuwa sahihi: panga, tenda, tazama, boresha. Programu ya Tusome, ya kufundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, nayo iliposambaa nchini kuanzia 2015, afisa wa mtaala alikuja darasani na tableti yake, akaketi nyuma, akasikiliza watoto wakisoma, somo likiisha anazungumza nawe kuhusu lile ulilofanya dakika tano zilizopita. Mazungumzo hayo hayasahauliki. Wenzetu Tanzania wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo yamejengwa juu ya jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule zenyewe, na vituo vya walimu vikisaidia. Wazo ni hilo hilo: mafunzo yamfuate mwalimu alipo, yawe ya kila wiki, yahusu kazi yake.

Kwetu tunafanya hivi. Alhamisi, baada ya vipindi, dakika arobaini. Anayekuwa zamu analeta kazi tano za watoto, majina yamefunikwa. Tunasoma matokeo yanayotarajiwa kwa sauti, sentensi moja tu, tusichanganye mambo. Kila mmoja anasoma kimya na kuandika ngazi kwenye kikaratasi kabla mtu hajafungua mdomo. Kisha tunasema, na mdogo kazini anaanza. Hili la mdogo kuanza msilipuuze. Mwalimu mkuu akishasema "hii ni Kufikia", nani atampinga? Siku ya insha ya nazi, kama mimi ningetangulia kusema, yule kijana angekunja kikaratasi chake akakitia mfukoni.

Tukikubaliana, kazi moja ya kila ngazi tunaibandika kwenye faili na chini yake tunaandika sababu. Faili yetu sasa ni nene. Mwalimu mgeni akija, kabla ya kumpa jedwali la vigezo tunampa faili hiyo. Watoto nao tunawaonyesha, majina hayapo, tunawauliza: hii na hii, ipi imesimulia zaidi, na umejuaje? Wanajua kuliko tunavyodhani.

Kuna mtakaoniuliza baadaye kuhusu madarasa ya watoto sabini. Ninalo la watoto sitini na nane. Huwezi kumpima kila mtoto kwenye kila tokeo kila siku, na anayekudai hivyo hajasimama hapo. Chagua matokeo machache yanayobeba mengine, labda manne kwa muhula, uyapime vizuri na zaidi ya mara moja. Mengine sikiliza tu unapopita kati ya madawati.

Na wazazi. Muhula uliopita baba mmoja, mvuvi, alifungua ripoti akaipekua mbele na nyuma. "Mwalimu, sasa huyu ni namba ngapi?" Nilianza kumweleza mtaala, nikaona macho yake yanapotea. Nikaacha. Nikatoa maandishi mawili ya mwanawe, la mwezi wa kwanza na la mwezi wa tatu, nikayaweka mezani pamoja. Hajasoma sana, lakini aliinama akayafuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Akasema, "Hapa alikuwa anakata maneno. Hapa amemaliza fikra yake." Sijawahi kuandika maoni ya ripoti mazuri kuliko hayo.

Sasa tufanye kazi. Kila meza ina bahasha ya kaki. Ndani kuna insha tano za Gredi ya 6, majina yamefunikwa, na karatasi yenye tokeo moja lililotarajiwa. Someni, andikeni ngazi kwenye kikaratasi chenu, mkigeuze. Mna dakika kumi na tano. Msizungumze bado. Nikigonga meza, aliye mdogo kazini kwenye kila meza ndiye atakayeanza.