Yadi Hudanganya kwa Mwendo Wake wa Polepole

Ndugu wasikilizaji, ratiba inasema nitazungumzia makosa ya kibinadamu katika yadi za treni za mizigo, yaani viwanja vya reli ambako mabehewa hupangwa na kuhamishwa. Walionisikia siku za nyuma wanajua jinsi maneno hayo yanavyonikera, kwa sababu yakishaandikwa tu, faili hufungwa.

Mniwie radhi, nitarudi tena Ohio, kule Marekani. Tarehe 15 Mei 2001, katika yadi ya Stanley mjini Walbridge, dereva mzoefu alikuwa akihamisha mabehewa 47, mawili kati yake yakiwa na fenoli iliyoyeyushwa, ambayo ni sumu. Mipira ya upepo, ile inayopeleka breki kwenye mabehewa, haikuunganishwa kati ya injini na mabehewa, hivyo shehena nzima ilitegemea breki za injini peke yake. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo, kwani treni ilikuwa inatoka njia hii kwenda njia ile.

Reli zilikuwa zimelowa. Dereva akaona mbele pointi, yaani reli zinazogeuzwa kuielekeza treni njia hii au ile, imelalia upande usiotakiwa, akahofu kwamba hatawahi kusimama. Akafunga breki za injini, kisha akakusudia kuongeza breki ya umeme, ile inayofanya mota za magurudumu zikinze mwendo. Hapa naomba tuutazame mkono wake. Katika injini ile wenzo mmoja una kazi mbili: ukishachagua breki, kuusukuma hadi mwisho huongeza breki; usipochagua, huongeza nguvu. Uchaguzi ule haukukamilika. Akausukuma hadi mwisho, akashuka kwenda kugeuza pointi, na alipotaka kudandia tena akakuta treni inakaza mwendo. Ikamburuta kiasi cha mita 24 ndipo akaiachia.

Treni hiyo ikaenda kilomita 106 hivi bila mtu, ikipita kasi ya kilomita 70 kwa saa. Ikakipiga kumbo kifaa kilichotegwa relini ili kiiangushe. Polisi wakakifyatulia risasi kitufe cha kukatia mafuta, kitufe ambacho hubonyezwa na kushikiliwa, wala hakipigwi shabaha! Mwishowe injini nyingine ikaifukuza kwa nyuma, ikajifunga kwenye behewa la mwisho na kuikokota hadi mwendo ukashuka kufikia kilomita 18 hivi, na karibu na Kenton msimamizi wa treni, Jon Hosfeld, akakimbia sambamba nayo, akadandia, akaizima. Viatu vya breki za injini vilikuwa vimelika vyote, kwa maana breki zilikuwa zimefungwa njia nzima. Hakuna aliyekufa.

Mtaniambia dereva hakupaswa kushuka. Kweli, hakupaswa. Lakini kile kifaa cha kumshtua dereva aliyesinzia, ambacho kingeisimamisha treni, kilikaa kimya kwa sababu kiliundwa kisifanye kazi breki za injini zikiwa zimefungwa. Hapo nako alikosea dereva? Mwingine ataniambia kuunganisha mipira ya mabehewa 47 kunakula muda na wateja wanasubiri. Mimi sijadai yote. Nimedai machache ya mbele, ya kumpa dereva breki zaidi ya zile za injini, na kila mara jibu ninalopewa ni kwamba tunakwenda pale tu. Hata dereva wa Walbridge alikuwa anakwenda pale tu.

Graniteville, kule South Carolina, nilitaka kuieleza kwa kirefu, lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa. Wafanyakazi waliegesha treni katika njia ya kiwanda, wakaondoka bila kurudisha pointi ya njia kuu, na njia hiyo haikuwa na taa za kumwonya dereva anayekuja. Usiku wa manane, tarehe 6 Januari 2005, treni nyingine ikaingia humo na kuigonga iliyoegeshwa. Klorini, gesi ya sumu, ikavuja, watu 9 wakafa. Mwaka huohuo serikali ya Marekani iliamuru kwamba hali ya pointi za mkono iandikwe kwenye fomu na wafanyakazi waulizane kwa mdomo. Kuulizana huko hakuhitaji fedha, nami nimeshaona yadi ambako fomu za juma zima hujazwa Jumatatu asubuhi.

Breki za mkono zimebaki, na dakika zimeisha. Mwenye swali la Lac-Mégantic, mji wa Kanada ulioangamizwa mwaka 2013 na treni ya mafuta iliyoachwa na breki za mkono zisizotosha, anione nje.