Jimbo Dogo Lililoizuia Ulaya Kusaini

Hamjambo ndugu zangu wa Bukavu, Kolwezi, Kigoma, Mombasa na kwingineko, nawasalimu kutoka Brussels. Wengi huko nyumbani mnadhani Ubelgiji inaamuliwa na mfalme, au na waziri mkuu na wenzake hapa mjini. Sivyo kabisa.

Tangu mwaka 1993 katiba inasema hii ni nchi ya shirikisho. Majimbo ni matatu: Flanders ya Kiholanzi, Wallonia ya Kifaransa, na Brussels. Tena kuna jumuiya tatu za lugha, hata wasemao Kijerumani kule mashariki, wachache walivyo, wana bunge lao. Kuunda serikali hapa ni shughuli pevu. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010 ilichukua siku 541!

Ila kinachonigusa mimi ni mambo ya nje. Kanuni yao ni kwamba mwenye mamlaka juu ya jambo ndani ya nchi, ndiye mwenye kauli juu yake hata kwa wageni. Shule ni za jumuiya, kwa hiyo jumuiya yenyewe inaweza kutia saini mkataba wa elimu na nchi nyingine. Na mkataba ukigusa mamlaka ya wote, wote lazima wakubali.

Oktoba 2016 ndipo dunia ilipoliona hilo. Umoja wa Ulaya ulitaka kusaini na Kanada mkataba mkubwa wa biashara, CETA. Serikali nyingine zote 27 zilikuwa tayari. Wallonia, watu kama milioni tatu na nusu tu, ikakataa. Kiongozi wake, Paul Magnette, alisimama katika bunge la jimbo, mjini Namur, akaeleza hofu yao: wakulima wao, na zile mahakama maalumu ambamo kampuni za kigeni zingeishtaki serikali. Waziri Mkuu Charles Michel alitaka kusaini, mikono ikafungwa. Mkutano wa kusaini na Kanada, uliopangwa tarehe 27, ukavunjika. Saini zikawekwa tarehe 30, Wallonia ikiwa imeshapata ahadi kwa maandishi, pamoja na hii: Mahakama ya Haki ya Ulaya iulizwe kama utaratibu wa zile mahakama maalumu ni halali. Mwaka 2019 mahakama ikajibu kuwa ni halali.

Kuna waliosema Wallonia imeiaibisha nchi. Mimi siafiki hata kidogo. Wale wabunge waliusoma mkataba na kuuhoji kabla ya saini, kwa niaba ya wakulima watakaoishi nao.

Nyie wa Kolwezi, na nyie wa Geita, niambieni hapo chini: mkataba wa mgodi ulio jirani yenu, nani aliwasomea kabla haujasainiwa?