Gunia ni kilo ngapi? Mhakiki wa jarida anataka nini kwako

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wanaonijua hapa Mbeya wanajua nikisimama lazima niongelee wahakiki, wale wasomi wanaoisoma makala yako kabla jarida halijaichapisha, na leo naongelea tena, kwa sababu juzi tu kijana wangu mmoja anayesoma masta kaniletea imeili ya mhariri huku machozi yanamlengalenga, "Mwalimu, wamenikataa." Nikaisoma. Hawajamkataa! Wamemwambia marekebisho makubwa, wahakiki wawili, kurasa nne za maswali. Jamani, mtu hakujui, halipwi hata shilingi, kakaa na makala yako mpaka kaandika kurasa nne, huyo kakukataa? Anayekukataa anaandika mistari miwili tu mnaagana.

Njia yenyewe mnaijua sitaikalia. Unatuma, mhariri anaangalia kama inaingia kwenye fani ya jarida, isipoingia inarudi bila kufika popote, ikipita inaenda kwa wahakiki wawili au zaidi, wao hawajui jina lako na wewe hujui lao. Kwetu kwenye uchumi wa Kiislamu kuna la ziada, mhariri makini anatafuta mmoja wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na mmoja wa uchumi, maana wa fiqhi anaweza asikamate hesabu zako za regresheni, na wa uchumi anaweza asijue kama huo mkataba ni salam kweli, yaani unalipia bidhaa leo unakabidhiwa baadaye, au ni mkopo wa riba umevalishwa kanzu.

Sasa sikilizeni. Makala yangu ya kwanza niliandika juu ya wakulima wa viazi wa huku Isongole. Mfanyabiashara anakuja wakati mkulima hana hela ya mbolea, anampa hela, wanakubaliana magunia kadhaa siku ya kuvuna. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba hii ni salam, wakulima wetu wanaifanya bila kujua jina lake, kazi iliyobaki ni kuirasimisha. Nikatuma. Ikakaa miezi saba ikarudi, na swali la kwanza kabisa la mhakiki wa kwanza: gunia moja ni kilo ngapi?

Nilikasirika sana. Nikasema huyu kakaa kwenye kiyoyozi huko, gunia halijui? Siku nne sikuigusa ile makala. Ya tano nikapanda gari nikarudi Isongole, nikakuta vijana wa tajiri wanafungasha. Gunia limejaa mpaka mdomoni, najua limeisha, kumbe ndo kwanza, wakaleta kipande cha gunia lingine wakakiunga juu kwa kamba, wakawa wanapanga viazi kimoja kimoja kujenga kile kichwa, mmoja anakandamiza kwa goti mwingine anakaza kamba. Lumbesa mnaijua nyie. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lile watu watatu walilinyanyua wanayumba. Na mama mwenye shamba kasimama pembeni na kijiti, kila gunia likipakiwa anachora mstari mmoja kwenye udongo. Lumbesa lile zima, mstari mmoja. Nikamuuliza mama, mlikubaliana gunia la namna gani? Akanijibu, "Gunia ni gunia baba, si wanakuja nalo wao."

Pale ndo nikakumbuka kitu nilichokisoma tangu madrasa. Hadithi ya Ibn Abbas, ipo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) kafika Madina kakuta watu wanalipia matunda kabla, mwaka mpaka miaka miwili, hakuwakataza, akawaambia anayelipia kabla basi alipie kipimo kinachojulikana na uzito unaojulikana mpaka muda unaojulikana. Mafaqihi wakaifafanua, wakasema ukipimia chombo ambacho ujazo wake haujulikani mkataba haufai. Yaani lile swali lililonikera ndo sharti lenyewe la salam! Nimejaza kurasa juu ya salam, kipimo nimekiacha gizani, yule mama anapunjwa mchana kweupe halafu mimi nataka kuupa mkataba wake jina la sharia. Mpaka leo sijui aliyeuliza alikuwa wa fiqhi au wa uchumi, nitamuombea dua hivohivo bila jina.

Na mhakiki wa pili naye alikuwa na lake, niliandika viazi "vya shamba lake", akanikumbusha salam haifungwi kwenye mazao ya shamba moja maalum, maana likipigwa na ugonjwa wa ukungu je? Ni deni la bidhaa yenye sifa zilizotajwa, muuzaji ataitoa popote. Na hela lazima iwe imelipwa yote mwanzoni, wakati huku wengine wanapewa nusu nusu. Sehemu nzima ya tatu nikaiandika upya.

Najua kuna mtu anasema moyoni, wahakiki wenyewe wako Jeddah na Kuala Lumpur, ya Mbeya watayajulia wapi. Hawayajui! Hiyo ndo kazi yako wewe. Toka mkutano wa Makka wa 1976, toka jarida la Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz lianze 1983, wanazuoni wanajadili hii mikataba, lakini lumbesa nani atawaambia kama sio wewe wa Uyole?

Na mwingine anasema kuna majarida unalipa dola, wiki moja makala imetoka. Hapo siwezi kuwa mpole. Wiki moja kaisoma nani? Huyo kakuuzia ukurasa. Kesho mtu wa benki anaichukua anajengea mkataba wa wakulima, na kosa lako linaingia shambani kwa yule mama.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka: ukijibu wahakiki weka jedwali, swali lao upande huu, jibu lako upande huu, na ukurasa uliobadilisha. Usipokubaliana sema, ila kwa dalili, yaani ushahidi, sio kwa hasira. Jina lako litoe, sio jalada tu, hata kwenye sifa za faili la Word linabaki humo, na pale ulipoandika "kama nilivyosema kwenye makala yangu" umeshajitaja. La kunukuu hadithi bila takhriji, yaani bila kusema imetoka kitabu gani, nilitaka kulisema kwa kirefu, adhana hiyo. Wenye makala tayari niachieni hapa mezani baada ya swala, na kama mna gunia humo ndani, andikeni kilo.