Bunduki Kuukuu na Kaki za Wawindaji: Namna ya Kuzitazama na Kuzitunza Pwani ya Kusini

(Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara)

Wazee wangu, dada na kaka zangu, karibuni. Kabla ya uzuri tuanze na usalama. Bunduki hata iwe na umri wa miaka 120, chini ya sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 usiichukulie kama pambo. Ukiikuta darini kwa marehemu babu, iache hapo hapo na utoe taarifa polisi. Gobore, yaani bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, linaweza kukaa na baruti tumboni miaka na miaka, na kwa nje halionyeshi dalili yoyote.

Magobore yalienea huku kwetu pamoja na biashara ya pembe za ndovu iliyoshuka Kilwa, Lindi na hapa Mikindani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuia Waafrika kuuziwa bunduki za kisasa, ukaruhusu za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zenye mtutu laini. Ndiyo maana fundi wa kijijini aliendelea kulitengeneza gobore lile lile: kitako kikipasuka alikizungushia ngozi mbichi, ikikauka inajikaza yenyewe. Kwangu mimi, kiraka hicho kina thamani sawa na nakshi za Ulaya. Msikibandue.

Upande wa pili kuna bunduki za mitutu miwili za Uingereza. Mwaka 1875 Anson na Deeley, wa kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, waliificha nyundo ndani ya kisanduku cha chuma, na umbo hilo limedumu hadi leo. Ukiruhusiwa kuishika moja, na mwenye leseni akishakuonyesha kuwa haina risasi, usikimbilie nakshi. Ifunge, inyanyue kwenye mwanga, utazame pale mitutu inapokutana na uso wa kisanduku. Mwanga ukipenya, bawaba imelika. Kisha mitutu itolewe, ining'inizwe kwa kulabu yake ya chini, igongwe kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu ni nzima. Ikitoa mlio mfu, ule utepe unaounganisha mitutu umeachia mahali fulani.

Kuna mitutu yenye mawimbi ya kahawia na fedha, ile inayoitwa ya Dameski. Hayo mawimbi hayakuchorwa: ni vipande vya chuma laini na vya feleji, yaani chuma kigumu, vilivyosokotwa, vikazungushwa kwenye fimbo na kufuliwa. Ilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Risasi za leo zina shinikizo lisilolingana nayo, na kutu iliyojificha kwenye maungio ya ndani inaweza kuupasua mtutu mkononi mwa mpigaji. Hiyo ni ya kutazamwa tu.

Sasa kutu, maana pwani hii ndiye adui mkubwa. Fataki za zamani, vile vifuniko vidogo vinavyowasha baruti, zilikuwa na klorati ya potasiamu. Zikiwaka huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mtu anamimina mafuta akidhani amemaliza kazi. Mafuta hayayeyushi chumvi! Kinachoiondoa ni maji ya moto: toa mitutu kwenye kitako kwanza, pitisha maji, kausha kwa mdeki, ile fimbo ya kusafishia mtutu, na vitambaa hadi kitambaa kitoke kikavu, ndipo upake mafuta kidogo sana. Yakizidi yanashuka kwenye mbao, na mbao iliyolewa mafuta huwa nyeusi na laini pale inapokutana na chuma. Bunduki iliyotoka kupakwa isimame mdomo chini. Mbao ikibonyea, wachongaji wetu hutamani msasa. Hapana: weka kitambaa chenye maji, gusa kwa ncha ya pasi ya moto, mvuke utazivimbisha nyuzi zirudi juu.

Kwenye nguo, tazama bega la kulia la koti la kaki. Palipochakaa au palipowekwa kiraka cha ngozi ndipo kitako kilipoegemea, na alama hiyo ni historia, usiishone upya. Usilitie wanga, maana wanga huita mende. Koti la pamba lililotiwa nta halitaki sabuni wala maji ya moto, kwani nta inatoka na halitazuia mvua tena. Lifute kwa sponji na maji baridi, ulitundike bila kulikunja. Likiota koga, litoe nje, lipitishe brashi laini, halafu lipepewe kivulini. Mfuko wa plastiki kamwe, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinapokuwa nzito.

Mkanda wa ngozi nao usihifadhiwe na maganda ya shaba ndani yake. Asidi na mafuta ya ngozi hula shaba, inatoka ile kijani inayonata, na ngozi yenyewe inachanika kwenye mishono. Kwa sababu hiyo hiyo bunduki haikai muda mrefu ndani ya ala ya ngozi: chuma kitapata kutu upande ule ule ulioigusa ngozi, na hutaiona mpaka siku unapoitoa.