Pumba Tunazowapa Kuku

Hamjambo akina mama, hamjambo ndugu zangu. Asanteni kwa kuja na jua hili la Kisumu.

Asubuhi nilipitia soko la Kibuye. Kwenye kinu kimoja mama alikuwa akikobolesha mahindi, unga mweupe unaingia guniani, pumba zinabaki kwenye beseni. Nikamuuliza, hizi za nani? "Za kuku." Nikaomba kiganja kimoja, hiki hapa, pitisheni mshike. Hiyo inayokwaruza ni ngozi ya mbegu. Hivyo vya manjano ni vipande vya kiini, penye mafuta na vitamini.

Ugali wa sembe humeng'enywa karibu wote kwenye utumbo mwembamba, ukaingia damuni kama sukari. Huko chini, kwenye utumbo mpana, wanaishi bakteria matrilioni, na kinachowafikia ni kidogo. Nyuzinyuzi za pumba sisi hatuziwezi, wao wanaziweza. Huzichachusha kama unga wa uji unavyochachuka mtungini, wakatoa asidi. Moja ni butireti, chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Nyingine huamsha homoni zinazotuliza njaa na kuisaidia insulini. Wakikosa nyuzinyuzi, imeonekana kwa panya wa maabara, hugeuka wakaula ute unaoukinga utumbo.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti mmoja. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani waliokula mahindi na maharagwe, nyuzinyuzi zao zilipanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku, na butireti ikaongezeka mara 2.5. Wenzao waliopewa soseji na chipsi, yao ilishuka kwa nusu. Wiki 2 tu, jamani! Na soseji na chipsi ndizo tunazozikimbilia hapa mjini.

Baba yangu alipopatikana na sukari, kliniki moja ilimwambia "acha ugali," basi. Hakuna aliyemuuliza ni ugali gani. Mama akarudia kal na bel, wimbi na mtama, nafaka nzima, kipande kidogo kando ya apoth nyingi, ile mboga ya mrenda. Dawa Baba hakuacha, nanyi msiache.

Kuna aliyeniuliza nje kama uji uliochachuka nao hutupa bakteria wazuri. Ukiuchemsha, bakteria wake hufa. Lakini uchachu umeshapunguza fiteti, ile inayoyashikilia madini ya chuma yasiingie mwilini. Endeleeni nao.

Basi kesho mwambieni mwenye kinu, "Usikoboe, saga tu." Anzeni kidogo kidogo, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi. Mahindi yawe makavu na safi kabisa, kwani sumu ya ukungu hukaa zaidi kwenye ngozi na kiini. Na msagishe ya wiki moja moja, kwa sababu mafuta ya kiini huharibika upesi.