Randa Ndogo ya Mashine ya Kuzungusha: Inaanzia Wapi, Inaishia Wapi

Habari za jioni, ndugu zangu mafundi, na ninyi ambao hamjawahi kushika randa lakini mna mlango unaokwaruza fremu kila ukifungwa. Asanteni kwa kuitikia mwito.

Nimeombwa nizungumzie randa ndogo inayofungwa kwenye mashine ya mkononi ya kuzungusha, ile ambayo wengi huiita Dremel, kwa jina la kampuni iliyoanzishwa na Albert Dremel kule Racine, Wisconsin, Marekani, mwaka 1932. Nitaisifu, na nitaiwekea mipaka. Naona watu wakiinunua wakitarajia iwanyooshee mbao, kisha wanailaumu bure.

Ubao unanyookaje? Wengi husema ni kisu. Hapana, ni kitako cha randa, yaani ule uso bapa wa chini unaolala juu ya mbao. Randa ya mkono ya namba 4 ina kitako cha karibu milimita 240. Ile ndefu ya namba 7 inafika kama milimita 560. Kitako kirefu hupita juu ya bonde bila kutumbukia, na kisu hukata vilima peke yake hadi ubao wote ulingane. Kitako cha hii ndogo ni kifupi mno. Penye bonde kinashuka, penye kilima kinapanda. Ubao uliopinda utabaki umepinda vilevile, ila sasa utakuwa laini. Basi msiipe kazi ya kunyoosha.

Kazi yake ni ukingo mwembamba: mlango uliovimba mahali pamoja tu, droo inayokaza upande mmoja, kona kali inayotakiwa kupunguzwa ukali, au ukingo uliochongwa kwa mviringo wa nje, ambapo randa ndefu haina pa kukaa. Hapo ufupi wake unageuka kuwa faida. Kwa kazi hizo naipenda kweli, na sioni haja ya kubeba randa kubwa ya umeme kwa kuondoa nusu milimita.

Sasa tuangalie nguvu. Chukulieni kisu cha randa hii ndogo, ambacho ni cha duara, chenye kipenyo cha milimita 12, kinachozunguka mara 30,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 500 kwa sekunde, na makali yake yanasafiri karibu mita 19 kwa sekunde. Chukulieni pia ngoma inayobeba visu vya randa kubwa ya umeme, kipenyo milimita 50, mizunguko 16,000 kwa dakika: makali yanakaribia mita 42 kwa sekunde. Kwa hiyo mlio mkali wa mashine ndogo usiwadanganye. Makali yake yanakwenda chini ya nusu ya kasi ya kubwa. Na mota nayo, mashine hizi za waya nyingi zina wati 130 hadi 175, wakati randa ya umeme ina wati 600 au zaidi. Kata kidogo kidogo. Ukisikia mlio unashuka, umekandamiza. Legeza mkono papo hapo.

Hesabu hiyo ina jambo jingine. Kisu chenye makali mawili hapo kinapiga mara 1,000 kwa sekunde. Ukisogeza milimita 20 kwa sekunde, alama moja hadi nyingine ni milimita 0.02, haionekani kwa macho. Kwa hiyo mawimbi mnayoyaona ukingoni hayakuletwa na kisu. Yameletwa na mkono uliokuwa unayumba. Mkono mmoja ushike mwili wa mashine, mwingine ukae juu ya kichwa cha randa, ukikandamiza mbele unapoanza na nyuma unapomaliza, ili kisu kisichimbe mwishoni. Na mbao ibanwe kwa klampu. Sikubali mtu ashike mbao kwa mkono wa pili.

Upande wa kusukuma wengi hawaufikirii. Tazama mashine kutoka mkiani: kisu kinazunguka kama mishale ya saa. Kikiwa kimelala kuvuka ukingo, meno ya chini yanakwenda kushoto kwako, na huko kushoto ndiko unakosukuma. Ukisukuma kinyume, kisu kitajivuta chenyewe juu ya mbao na kukunyang'anya mashine. Kichwa chenye mshale kitakuonyesha, fuata mshale.

Halafu soma nyuzi za mbao ubavuni. Ziwe zinapanda kuelekea unakokwenda. Zikishuka, kisu kinazinyanyua na kung'oa vipande, hasa karibu na fundo. Na ukifika juu au chini ya mlango, nyuzi za mbao za wima za pembeni mwa mlango zimekatwa vichwa; ukipitisha moja kwa moja hadi nje, kona itapasuka. Ingia kutoka pembe zote mbili, ukutane katikati.

Kabla ya kukata, chora mistari ya penseli ya kukingama kwenye ukingo wote, na mstari mmoja ubavuni unapotaka kuishia. Pitisha mara moja, tazama. Penseli ilipofutika ndipo ulipogusa, ilipobaki hujafika. Simama ukiwa bado juu kidogo ya mstari, umalizie kwa msasa.

Toeni misumari na skrubu kwanza. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978, na milango ya kabla ya hapo bado ipo. Hiyo usiirande. Miwani ya kinga ni lazima, na barakoa ya vumbi pia: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995. Kisu kidogo hiki hutoa unga zaidi kuliko maranda, na unga ndio unaoingia kifuani.

Mwisho ni makali. Kisu kizima hakiachi weusi. Ukiona mbao inaungua na hukusimama mahali pamoja, kwanza osha utomvu uliokauka kwenye meno, ukiwa umechomoa waya au betri. Kama bado inaungua, nunua kingine. Makali yake yamejisokota kama skrubu, hayanolewi kwa jiwe la nyumbani. Haya, ubao uko kwenye klampu hapa mbele. Nani anaanza?