Kumpata Josephus Alipo: Namba, Faharasa na Kalenda

Mabibi na mabwana, nianze na kinachowakwamisha wengi kabla hata hawajasoma mstari mmoja: namba. Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ametuachia kazi nne: Vita vya Wayahudi (vitabu 7), Mambo ya Kale ya Wayahudi (vitabu 20), Maisha (kimoja) na Dhidi ya Apion (viwili). Zote zinatajwa kwa mifumo miwili isiyolingana. Mmoja ni ule wa tafsiri ya Kiingereza ya William Whiston ya 1737: kitabu, sura, fungu. Mwingine ni wa Benedikt Niese, Mjerumani aliyehariri matini ya Kigiriki kati ya 1885 na 1895, akahesabu vifungu vidogo mfululizo tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho.

Habari za Yohana Mbatizaji, kwa mfano, ni Mambo ya Kale 18.5.2 kwa Whiston, na 18.116–119 kwa Niese. Namba tatu ni Whiston, mbili ni Niese. Kanuni hiyo inatosha kwa Vita na Mambo ya Kale. Kwa Dhidi ya Apion inakupoteza, kwa sababu humo hamna sura: 1.38–41 ya Niese, pale panapotajwa vitabu 22 vya Wayahudi, imo ndani ya 1.8 ya Whiston. Maisha ndiyo balaa lenyewe, kila mfumo una namba moja tu. “Maisha 12” kwa Niese ni pale Josephus anapowafuata Mafarisayo. Kwa Whiston tayari yuko Galilaya, anahangaika na watu wa Tiberia.

Dawa yake ni toleo la Loeb, lililoanzwa na Thackeray mwaka 1926 na kukamilishwa na Feldman mwaka 1965. Kigiriki kiko ukurasa huu, Kiingereza ule wa pili, na namba za mifumo yote miwili zimo. Whiston anapatikana bure mtandaoni, na kwa kusoma haraka anafaa. Ila msimjengee hoja nzito. Alitafsiri zaidi ya karne moja kabla Niese hajalinganisha hati za mkono.

Ukitaka kufuatilia neno la Kigiriki, tumia itifaki (konkodansi) ya Rengstorf, mijalada minne, 1973 hadi 1983. Inakuonyesha kila neno lilipo, kwa namba za Niese. Majina ya watu na mahali yamo katika kamusi ya Schalit ya 1968, nayo ni ya lazima: akina Yesu, Simoni na Eleazari ni wengi mno kwa Josephus, na kuwachanganya ni rahisi sana.

Limebaki suala la tarehe. Josephus hutumia majina ya miezi ya Kimakedonia. Katika Mambo ya Kale 3.248 anasema wazi kwamba Ksanthiko ni Nisani, mwezi wa Kiyahudi. Lakini Vita 6.250 inasema Hekalu liliungua tarehe 10 Loo, mwezi unaolinganishwa na Abu, mwezi wa tano wa Kiyahudi, ilhali Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, inataja tarehe 9 Abu. Msikimbilie kumsahihisha: Yeremia 52:12 nayo ina tarehe 10 ya mwezi wa tano kwa Hekalu la kwanza, na Josephus anasema siku ni ileile. Isitoshe, Niese alidhani miezi ya Vita ni ya kalenda ya mji wa Tiro, ambayo siku zake hazilingani na za Kiyahudi. Kabla ya kugeuza tarehe yoyote, fungueni nyongeza ya kalenda katika jalada la kwanza la historia ya Wayahudi ya Schürer, toleo lililorekebishwa la 1973.